Mwenye Ukumbi: Mhariri wa Ukurasa wa Mashairi na Adabu ya Kujibizana

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kumtazama mtunzi na shairi lake, ukatua hapo. Shairi likitoka gazetini, likajibiwa, na jibu nalo likajibiwa, mhakiki huwapima wale walioshindana: ni nani aliyevishika vina barabara, ni nani aliyepotoka mizani, na fumbo la nani lilifumbuliwa na nani. Mtu wa tatu hatajwi. Huyu ndiye aliyezipokea barua zote, akazisoma kabla ya msomaji mwingine yeyote, akaamua shairi lipi lichapwe, lipi lipunguzwe beti, lipi lingoje juma lijalo, na lipi lisionekane kamwe. Ann Biersteker, katika kitabu chake cha 1996 kiitwacho Kujibizana, ameonyesha kwa kirefu jinsi mashairi ya Kiswahili yanavyosemezana. Emma Hunter naye, katika kitabu chake cha 2015 juu ya fikra za kisiasa nchini Tanzania, amewatazama wahariri wa magazeti ya Kiswahili kwa jicho la mwanahistoria. Kati ya kazi hizi mbili pamebaki pengo ambalo ni la mhakiki wa fasihi kulijaza. Mhariri wa ukurasa wa mashairi si tarishi wa kupeleka barua tu. Yeye ni sehemu ya utanzu wenyewe, na mashairi ya kujibizana hayawezi kusomwa kwa haki bila ya kuisoma kazi yake.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya mashairi yenyewe. Mtunzi wa gazetini aghalabu hakuanza na hoja yake. Alianza kwa kubisha hodi. Alimwita mhariri, akamtakia afya, akamwomba nafasi hata iwe ya kupenya tu, akawasalimu malenga waliomtangulia, na ndipo alipolifikia jambo lake katika ubeti wa pili au wa tatu. Alipomaliza alitangaza tamati, akaaga, akataja lakabu yake na mji alikotoka. Mhakiki mwenye haraka huziruka beti hizi akiziona kuwa ni mazoea yaliyochakaa. Ni kweli kuwa nyingi zimechakaa, na mtu akizisoma ishirini mfululizo huchoka. Walakini zina kazi. Hakuna abishaye hodi mahali pasipo na mwenyewe. Kwa kubisha hodi mtunzi anakiri kuwa ukurasa ni nyumba ya mtu, kuwa amekuta wenzake wameketi, na kuwa neno lake litapokewa kwa masharti ya mgeni. Watu ambao hawajaonana uso kwa uso, mmoja yuko Tanga na mwingine Tabora, hujenga kwa beti hizo baraza moja, wakaulizana hali, wakapeana pole za msiba na kuombana ushauri. Mkusanyaji wa diwani anayeziondoa beti hizo ili kuokoa karatasi anaiondoa nyumba yenyewe, akabakiza maneno ya watu waliomo ndani.

Yafaa kukumbuka kwamba kujibizana kulikuwako kabla ya gazeti, na kwamba hakukuwa na mhariri wakati huo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama uliofikia vita vya Shela, vijulikanavyo pia kama vita vya Kuduhu, mashairi yalikuwa silaha mojawapo. Muyaka bin Haji alitunga upande wa Mombasa, na Bwana Zahidi Mngumi akatunga upande wa Lamu. Mashairi ya vita hivyo yamekusanywa na Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu cha 1995. Asomaye huona mara moja kuwa hapakuwa na mtu aliyesimama katikati kusema kuwa neno hili limevuka mpaka. Mpaka uliokuwako ulikuwa ule wa bahari ya shairi na wa heshima ya ufundi, kwani hata adui alipaswa kujibiwa kwa shairi lililotimia. Mchunga mlango alikuja baadaye, shairi likiwa tayari limekwisha kusemwa. Mwalimu Sikujua aliyakusanya ya Muyaka, W. E. Taylor akayaandika na kuyatafiti pamoja naye, W. Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayarudia kwa uchunguzi wa kina mwaka 1979. Kila mmoja wao alikuwa mhariri kwa namna yake, akaamua kipi kipite. Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia Muyaka, alipokuwa hai, apunguze ukali au angoje zamu yake.

Gazeti ndilo lililomleta mtu wa namna hiyo. Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na kurasa zake ziliwapa watunzi wengi nafasi ya kwanza ya kuchapwa, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao. Mwenye ukumbi huyu alikuwa na nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa mkarimu aliyemkaribisha karani na mwalimu wa shule ya mbali, mtu asiye na njia nyingine ya kulifikisha shairi lake nje ya kijiji chake. Uso wa pili ni wa mtumishi wa mtawala, ambaye hakutarajiwa kumfungulia mlango mtu atakayemtukana bwana wake. Mkono uleule uliozuia matusi baina ya malenga ndio uliozuia malalamiko dhidi ya serikali, na aghalabu msomaji hakuwa na njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa limezuiwa. Hapo ndipo ugumu wa jambo lote ulipo. Kulea ukumbi na kudhibiti mawazo ni kazi mbili tofauti kwa nia, lakini zikitazamwa kwa nje hufanana: shairi limeingia ofisini, halikutoka.

Watunzi walilijua hilo, wakajibu kwa fumbo. Saadani Kandoro, ambaye mashairi yake yalikusanywa katika Mashairi ya Saadani mwaka 1972, ndiye mfano unaotajwa mara nyingi kwa shairi lake la siafu na nyoka. Msomaji wa wakati wa ukoloni hakuhitaji kufasiriwa ni nani siafu na ni nani nyoka, na mwenye kutaka kukataza angelazimika kwanza kukiri kuwa amejitambua katika sura ya nyoka. Fumbo basi si pambo. Ni njia ya kumpita mlinzi kwa kumpa adabu yote anayodai, vina vyote, mizani yote, na salamu zote. Ni lazima kuongeza, ingawa wapenzi wa fumbo hawapendi kusikia, kwamba njia hiyo hiyo huwapitisha wengine wasiostahili. Fumbo lililomfikisha mzalendo ndilo linalomfikisha mwenye chuki ya jirani yake. Mhariri asiyetoka katika mji wa watunzi anaweza kuchapa shairi la mti wenye kutu na kisima chenye chura, akidhani ni maelezo ya shamba, kumbe mtaa mzima umeshajua ni mke wa nani anayesemwa.

Kutokana na hayo huonekana kuwa mlinzi wa kwanza wa ukurasa hakuwa mhariri bali umbo. Mshororo wa mizani 16, uliogawanyika 8 kwa 8, vina vya ukwapi na vya utao, mishororo minne kwa ubeti: haya humlazimisha mwenye hasira kukaa chini. Neno la kwanza linalomjia mtu aliyekasirika kwa kawaida halina kina kinachofaa. Hulitafuta lingine, na katika kulitafuta hasira hupungua, au hugeuka kuwa kejeli, na kejeli huvumilika kuliko tusi. Tena anayejibu hutakiwa kufuata bahari ya mwenzake, pengine hata vina vyake. Yaani kabla ya kumpinga humpa heshima ya kuingia katika nyumba aliyoijenga yeye. Ni vigumu kubuni kanuni yoyote ya ofisini ambayo ingeifanya kazi hii vizuri zaidi.

Mgogoro wa miaka ya 1970 juu ya mashairi huru unapata sura nyingine ukitazamwa kutoka hapa. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziweka sheria za utungaji katika kitabu chake cha 1954, na Shihabuddin Chiraghdin akautetea msimamo wa mapokeo katika utangulizi wake wa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, mwaka 1971. Upande wa pili Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa hoja zao katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakikataa kuwa vina na mizani ndiyo roho ya shairi. Kwa upande wa shairi lililomo kitabuni, hoja za Mulokozi na Kahigi ni nzito na hazijavunjwa. Lakini pande zote mbili zilizungumza kana kwamba shairi lina makazi mamoja. Kitabu kina mtunzi mmoja, naye hahitaji kuzuiwa asimrukie mwenziwe. Ukurasa wa wasomaji una watunzi mia, kila mmoja ana jambo lake, na pale vina na mizani havikuwa ufundi tu bali adabu ya kikao. Waliolia kuwa shairi huru litauvunja ushairi walikosea kuhusu ushairi. Huenda hawakukosea sana kuhusu ukumbi wao, ingawa hawakuweza kuueleza wasiwasi huo kwa maneno hayo.

Hata hivyo umbo ni mlinzi kipofu. Hupima silabi, halipimi moyo. Tuseme malenga mmoja aliyejipa lakabu ya kisultani amejibiwa kwa mshororo huu wa kubuni:

Kiti cha enzi si chako, shuka ukachunge mbuzi.

Mizani ni 8 kwa 8 na hakuna kasoro ya ufundi. Je, lichapwe? Ikiwa wawili hawa wamerushiana maneno kwa miaka, na wasomaji wanangoja kila juma kuona nani atamwangusha mwenzake, huu ni utani, na kuukata ni kuwanyima watu kicheko chao. Lakini ikiwa anayejibiwa ni mgeni aliyeleta shairi lake la kwanza, naye alikuwa amewatajia wasomaji katika ubeti wa salamu kwamba ni mchungaji, basi maneno yale yale ni tusi la kumfukuza ukumbini. Sheria za Amri Abedi haziwezi kutenganisha hali hizi mbili, wala sheria yoyote iliyoandikwa. Anayeweza ni mtu aliyeyasoma mashairi ya wote wawili, anayejua nani mtani wa nani, na anayekumbuka kuwa mgeni alibisha hodi juma lililopita. Ujuzi huu haufundishwi katika darasa la uhariri, nao hupatikana tu pale ukumbi ulipo mdogo kiasi cha mtu mmoja kuwafahamu waliomo.

Upande wa pili wa upofu huu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauonekani. Umbo linalompitisha mtusi hodari humzuia mnyonge mwenye neno. Mtu aliyefiwa na mama yake anaandika:

Mama yangu alokuja, usiku kunipa neno.

Hapa mizani imetimia. Lakini mhariri aliyelelewa katika Kiswahili sanifu huona "alokuja" akakunja uso, akaandika "aliyekuja", na mara ukwapi umekuwa na mizani 9. Sasa shairi lina kilema ambacho mtunzi hakukitia, na malenga wa juma lijalo watamkosoa marehemu akiwa bado hajatimiza arubaini. Ya lahaja ni vivyo hivyo. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930, mtunzi wa Mvita alijikuta anaandika lugha ambayo kalamu ya mhariri ilikuwa tayari kuisahihisha. Akiandika:

Siku hizi simuoni, aliye mboni ya mato,

na mishororo inayofuata ikaishia kwa "moto" na "mtoto", kubadili "mato" kuwa "macho" ni kuuvunja ukuta mmoja wa nyumba kisha kumlaumu fundi. Mhariri anayefanya hivyo hana nia mbaya. Anadhani anasaidia. Msaada wa namna hii umewanyamazisha watu wengi kuliko ukali, maana aliyekataliwa waziwazi hurudi na shairi jingine, lakini aliyechapwa akiwa ameharibiwa huona haya, asiandike tena.

Kwa hiyo, pakiwa na shairi lililotimia lenye sumu na shairi lenye kilema lenye moyo, nafasi ikiwa moja, mwenye ukumbi mwema hana budi kulichukua la pili, akamrudishia mtunzi barua fupi kumwuliza kama aridhia mizani itengenezwe. Wanamapokeo watapinga kuwa huko ni kushusha kiwango. Pingamizi hilo lina nguvu kidogo: ukumbi uliojaa vilema huwafukuza mafundi, na wakiondoka mafundi wageni hawana wa kujifunza kwake. Lakini kiwango hulindwa na mafundi wenyewe kwa kutunga vizuri mbele ya wageni. Si kazi ya mlango.

Kuna njia moja ya kuikwepa taabu yote hii, nayo ni mhariri kuziandika pande zote mbili yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo siri ya ngonjera, utanzu ulioenezwa na Mathias Mnyampala, ambaye kitabu chake cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitolewa mwaka 1970. Katika ngonjera mmoja hajui na mwingine anajua, huvutana kwa adabu, na mwishowe hukubaliana, kwa kawaida upande wa Azimio la Arusha la 1967. Shuleni ngonjera zilipendwa, na hapana ubaya watoto kujifunza kusemezana kwa zamu. Lakini mtunzi aliyewatunga wote wawili alikuwa amekwisha kuamua atakayeshindwa kabla hajafungua kinywa. Linganisha na "Mnazi: Vuta N'kuvute" ya Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki ya 1973. Huko pia mtunzi ni mmoja, na ndugu wawili wanagombania mnazi kwa beti za kupokezana, lakini hakuna msuluhishi anayeingia kati kuwapatanisha kwa lazima, na kila mmoja amepewa hoja ambazo msomaji anaweza kuzichukulia kwa uzito. Abdilatif alizitunga kazi hizo akiwa mfungwa kati ya 1969 na 1972. Inashangaza, na pengine si ajabu kabisa, kwamba mtu aliyefungiwa mlango ndiye aliyemwachia mpinzani ndani ya shairi nafasi ya kusema mpaka mwisho.

Ipo kazi moja ya mwenye ukumbi ambayo umbo haliwezi kumsaidia hata kidogo: kuufunga mjadala. Majibizano mazuri hunoga, kisha huchacha. Wapya hurudia ya wale wa mwanzo, wa mwanzo hukasirika kwamba wamerudiwa, na ukurasa mzima hujaa jambo moja huku mtu anayetaka kuuliza maana ya neno akikosa nafasi. Hapo mhariri hutangaza kuwa mjadala umefungwa. Mara nyingi ni uamuzi wa haki. Lakini barua za zamani zilikwenda kwa posta, na posta haikuwa sawa kwa wote. Aliyekaa Dar es Salaam alilisoma shairi siku ile ile na jibu lake likafika kabla ya juma kwisha. Aliyekaa Kigoma alilipata gazeti limechelewa, akatunga, akatia barua sanduku la posta, na ilipofika mezani mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Hivyo neno la mwisho lilikuwa la mwenye kukaa karibu, si la mwenye hoja, na mtafiti anayelisoma gazeti leo huhesabu kuwa aliyenyamaza ndiye aliyeshindwa. Mhariri mwenye insafu alikuwa na dawa ndogo ya hali hii. Kabla ya kufunga aliangalia ni nani aliyetajwa kwa lakabu yake na hajajibu bado, akampima umbali, akamngoja.